Kwa nini "ache" huandikwa kwa "ch" na kusomwa kwa "k"? Uzi wa asili ya neno la kale la maumivu

#1 KalamuYaKorosho (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka kuna mtoto wa kidato cha kwanza anayesimama darasani kusoma "headache", akatamka "hedeichi", na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu anamsahihisha: sema "hedeik". Mtoto akiuliza kwa nini, anaambiwa ndivyo Kiingereza kilivyo, kariri. Mimi jibu hilo linaniudhi. Swali lake lina jibu kamili, tena tamu. Na huyo mtoto angezaliwa London miaka 400 iliyopita, "eich" yake wala isingemshtua mtu.

Twende kwenye Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa Uingereza kuanzia karne ya 5 hadi muda mfupi baada ya Wanormani kuingia mwaka 1066. Humo hatukuti "ache" moja. Tunakuta maneno mawili. Kitenzi kilikuwa "acan", kuuma, na nomino ilikuwa "æce" (wengine waliandika "ece"), yaani umivu. Yote mawili yaliandikwa kwa herufi c, ila c ya kitenzi ilitamkwa k na c ya nomino ilitamkwa ch kama yetu ya "chai".

Kwa nini mzizi mmoja utoe sauti mbili? Hapa Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza, maana jambo hilohilo analifanya kila siku. Chukua kitenzi "pika" utengeneze jina la mtu kwa kuweka -i mwishoni. Hatusemi "mpiki", tunasema "mpishi". "Andika" inatoa "mwandishi", "cheka" inatoa "mcheshi", "tumika" inatoa "mtumishi", "zika" inatoa "mazishi". K ikikutana na hiyo i, inavutwa mbele ya mdomo na kulainika kuwa sh. Ulimi unajiandaa kusema i kabla haujamaliza k.

Wazee wa Waingereza walifanya vilevile. Umbo la nomino kabla ya kuanza kuandikwa lilikuwa na i nyuma ya k; wanaisimu wanalijenga upya kama "akiz". I hiyo ikailainisha k kuwa ch. Kitenzi "acan" kilikuwa na a nyuma yake, kwa hiyo k ikabaki ngumu. Tofauti kati yetu na wao ni kwamba i ya "mpishi" bado tunaiona, lakini i ya Waingereza ilifanya kazi yake kisha ikadondoka, na leo mtu anaona matokeo bila kuona chanzo. Ndiyo maana wana jozi ambazo wanafunzi wetu huzikariri moja moja kama maneno yasiyojuana: "bake" kuoka na "batch" mkupuo wa mikate iliyookwa pamoja, "wake" kuamka na "watch" kukesha au kulinda, "stick" kuchoma na "stitch" mchomo wa sindano, "speak" na "speech", "break" na "breach". "Ake" (kitenzi) na "ache" (nomino) ilikuwa jozi ya ukoo huu huu.

Naendelea hapo chini, post isiwe ndefu mno.

#2 KalamuYaKorosho (mleta uzi)

Jozi hiyo iliishi muda mrefu. Hadi miaka ya 1600 waandishi wengi waliandika kitenzi "ake" na nomino "ache", na walizitamka tofauti. Ushahidi mzuri kuliko wote uko kwenye tamthilia ya Shakespeare, Much Ado About Nothing, iliyochapishwa mwaka 1600. Beatrice analalamika kwamba anaumwa, anashusha pumzi. Margaret, msichana wa kazi wa binamu yake Hero, anamtania: unahemea mwewe, farasi, au mume? Kwa Kiingereza vitu vyote vitatu vinaanza na H. Beatrice anajibu kwamba anahemea herufi inayovianzisha vyote, H. Mzaha wote uko hapo: jina la herufi H na nomino ya maumivu vilikuwa na sauti moja. Ukiisoma leo kwa "eik" mzaha unakufa. Ukiisoma kama yule mtoto wa kidato cha kwanza, unafufuka.

Ushahidi wa pili ni mizani. Katika The Tempest, tamthilia nyingine ya Shakespeare, Prospero anamtishia mtumwa wake Caliban kwamba ataijaza mifupa yake yote maumivu. Mstari ule hautimii mizani ya shairi mpaka "aches" itamkwe silabi mbili, "ei-chiz". Mwanzoni mwa karne ya 19 mwigizaji mashuhuri wa London, John Philip Kemble, alishikilia kuutamka hivyo jukwaani. Watazamaji walimzomea, kwa sababu wakati huo hakuna aliyesema hivyo tena. Kwa hesabu za shairi Kemble alikuwa sahihi.

Sasa nini kilitokea katikati? Matamshi ya kitenzi yalianza kuimeza nomino, watu wakasema k kote kote. Kama mambo yangeishia hapo, tungekuwa na "ake" mpaka leo, tahajia safi inayofanana na "bake", "cake" na "lake". Lakini mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake, kazi ya maneno zaidi ya 40,000, kitabu kilichokuja kuwa hakimu wa tahajia kwa zaidi ya miaka mia. Alipofika kwenye "ake", Johnson aliandika kwamba neno limetoka Kigiriki, "akhos", lenye maana ya huzuni au dhiki, na kwa hiyo ni sahihi zaidi kuliandika "ache". Kigiriki kikiingia Kiingereza huandika sauti hiyo kwa ch na kuisoma k, kama kwenye "chaos" na "echo". Basi akaona mambo yamekaa sawa: "ch" ya Kigiriki, sauti ya k.

Hayakukaa sawa. Neno halina asili ya Kigiriki. Hata hivyo kamusi ilishinda. Nomino ikapoteza sauti yake na kubaki na maandishi, kitenzi kikapoteza maandishi yake na kubaki na sauti. "Ache" mnayoiona leo ni mavazi ya neno moja yaliyovishwa mwili wa jingine.

Mniulize, nipo.

#3 Mchumi_Kibaha

Mkuu shukrani, nimesoma mwanzo mwisho. Hiyo ya mpishi na mwandishi sijawahi kuielewa hivi, na Kiswahili nimekisoma mpaka kidato cha sita.

Ila naomba kueleweshwa. "Akhos" na "ache" zinafanana sauti, na zote zinahusu machungu. Unakataaje kwa uhakika kwamba si ndugu? Johnson alikuwa msomi mkubwa.

#4 KalamuYaKorosho (mleta uzi)

Ndugu yangu, swali zuri mno, na hapo ndipo utamu wa fani hii ulipo.

Kufanana kwenyewe ndiko kunakomtia mtu mashaka. Kigiriki na Kiingereza ni lugha za ukoo mmoja wa mbali, lakini zilipoachana maelfu ya miaka iliyopita sauti zilihama kwa utaratibu. Mwaka 1822 Mjerumani Jacob Grimm, mmoja wa wale ndugu wawili wa hadithi za watoto, alichapisha utaratibu huo waziwazi. Palipo na g kwenye Kigiriki au Kilatini, maneno ya asili ya Kiingereza yana k. Goti kwa Kigiriki ni "gonu", kwa Kilatini "genu", kwa Kiingereza "knee", ambayo zamani k yake ilitamkwa. Shamba kwa Kigiriki ni "agros", kwa Kiingereza cha Kale "æcer", leo "acre", eka yetu hiyo ya kupimia mashamba.

Palipo na kh ya Kigiriki, Kiingereza kina g. Bata bukini ni "khen" kwa Kigiriki na "goose" kwa Kiingereza.

Sasa lipime neno letu. "Acan" ina k, kwa hiyo ndugu yake wa Kigiriki angekuwa na g. "Akhos" ina kh, kwa hiyo ndugu yake wa upande wa Kiingereza lazima awe na g. Na yupo! Kwenye Kiingereza cha Kale ni "ege", hofu, na kwa Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, ni "agi", ambalo liliingia Kiingereza na leo ni "awe", ile hofu ya kustaajabu. Kwa hiyo "akhos" ana ndugu wa damu ndani ya Kiingereza, ila si huyu Johnson aliyemdhania.

Johnson alifariki mwaka 1784, miaka 38 kabla ya Grimm kuchapisha. Kipimo hiki hakikuwepo mezani kwake. Mimi namheshimu sana yule mzee, kamusi ile aliiandika na wasaidizi wachache tu, lakini kwenye neno hili sikio lilimdanganya.

#5 NesiWaZamu

Habari kaka. Mimi niko wodini, swali langu ni la kikazi. Vitabu vyetu vinatenganisha "ache", "pain", "sore" na kadhalika. Mgonjwa wa kwetu anakuja anasema tumbo linasokota, jipu linapwita, mgongo unavuta, kifua kina kichomi. Huwa natafuta neno la Kiingereza la kuandika kwenye faili na mara nyingi sipati. Hao wazee wa Kiingereza nao walikuwa na utajiri kama wetu, au walikuwa na "ache" tu?

#6 KalamuYaKorosho (mleta uzi)

Dada yangu nesi, walikuwa nao, na mengi yamebaki.

Kuna kitabu cha tiba cha karne ya 10, kiko British Library, wanakiita Leechbook cha Bald. "Leech" zamani ilimaanisha tabibu. Mwishoni mwa sehemu yake ya pili kuna mistari ya Kilatini inayosema kitabu ni cha Bald, na kwamba alimwagiza Cild akiandike. Sehemu ya kwanza imepangwa kuanzia kichwani kwenda miguuni, kama daktari anavyompima mgonjwa. Humo na kwenye vitabu vya wakati huo utakuta "heafodece", ambayo ndiyo "headache", na "toþece", umivu la jino. Lakini pembeni yake utakuta "wærc", "sar" na "stice", na kila moja ina mwendo wake.

"Sar" lilikuwa kubwa kuliko yote. Lilibeba jeraha, umivu la mwili na huzuni ya moyo, kama "uchungu" wetu unavyobeba uchungu wa uzazi na uchungu wa msiba. Leo ni "sore". Kutoka hapo likaja "sarig", mwenye maumivu, ambalo limekuwa "sorry". Kwa hiyo Mwingereza akisema "I'm sorry", kwa mizizi yake anasema "ninaumia". Msichanganye na "sorrow" jamani. Zinafanana lakini ni mizizi miwili tofauti. "Sorrow" ni ndugu wa "Sorge" ya Kijerumani, wasiwasi.

"Wærc" limebaki kwenye lahaja za kaskazini mwa Uingereza, ambako wazee walisema "heedwark" badala ya "headache". Wanorse walikuwa na neno hilohilo, na Msweden hadi leo kichwa kikimuuma anasema ana "huvudvärk".

"Ache" yenyewe, tangu zamani, ilikaa kwenye umivu linaloendelea: kichwa, jino, mifupa. Hilo halijabadilika sana. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alitoa dodoso la kupima maumivu linalompa mgonjwa maneno 78 achague yanayofanana na anachosikia, na mpaka leo linatumika hospitali nyingi. "Aching" na "sore" zimewekwa kikapu kimoja na "dull" na "heavy", yaani umivu zito, la chinichini. "Stabbing" iko kwenye kikapu kingine, na kinachowaka moto kiko chake.

Kwa faili lako, "kupwita" hapo una "throbbing", na tumbo kusokota ni "cramping". Kichomi nakijibu peke yake, kinastahili.

#7 KalamuYaKorosho (mleta uzi)

Kichomi.

Waingereza wa kale walikiita "færstice". "Fær" ni ghafla, hatari inayokushukia usiyoitarajia, na ndiyo iliyozaa "fear". "Stice" ni mchomo, ndiyo "stitch" ya leo, na mtu aliyekimbia akabanwa ubavuni bado husema ana "stitch". Yaani mchomo wa ghafla. Sisi tuna kuchoma, kichomi. Hakuna aliyemwiga mwenzake, ila miili imesema jambo moja.

Kuna dawa yake imeandikwa kwenye kitabu cha miaka ya 1000 hivi, nacho kiko British Library. Unachukua majani matatu: mmoja unaoitwa "feferfuige", upupu mwekundu wa Ulaya, na "wegbrade", mmea wa majani mapana uotao kando ya njia. Unachemsha ndani ya siagi. Kisha unasoma maneno marefu ya kishairi. Yanawataja wanawake wenye nguvu waliopita kilimani wakivuma kwa kishindo wakirusha mikuki, na kila baada ya muda mganga anaamuru: toka nje, mkuki mdogo, kama umo humu! Halafu anataja huenda mshale ulirushwa na nani: miungu, viumbe waitwao "ylfe", au mchawi wa kike. Yeyote aliyeurusha, anasema, mimi nitakusaidia.

Nilipoisoma mara ya kwanza nywele zilinisimama. Hawa hawakuona kichomi kama kitu kilichozaliwa mwilini. Kilikuwa silaha iliyoingia kutoka nje, na tiba ni kuitoa. Wajerumani wameihifadhi fikra hiyo ndani ya lugha: maumivu ya ghafla ya kiuno hadi leo wanayaita "Hexenschuss", mshale wa mchawi.

#8 Bi_Mkunguni

Mwanangu, mimi ni mtu wa Tanga, sikuja na elimu ya vitabu. Hayo ya mkuki mdogo utoke yamenigusa. Kwetu nilipokuwa mdogo mtu akishikwa na kichomi ghafla wazee walisema katupiwa kitu. Katupiwa, hawakusema kaugua. Aliitwa mtu wa kumsomea na kumpaka mafuta, na waliokaa pale waliambiwa wanyamaze. Kumbe na wazungu walikuwa hivyo hivyo?

#9 KalamuYaKorosho (mleta uzi)

Shikamoo bibi. Ndiyo, walikuwa hivyo hivyo. Hilo neno lako "katupiwa" ndilo hasa lililomo kwenye maandishi yao: "gescot", kilichorushwa, ndugu wa "shoot" na "shot" za leo. Na mganga wao naye alitumia siagi pale wazee wako walipotumia mafuta.

Dawa nyingine ya kichwa iko kwenye kitabu cha mimea cha Kiingereza cha Kale, na nataka uisikie kwa sababu ni fupi: mtu kichwa kikimuuma au kikiwa na "sar", achukue mzizi wa "wegbræde" ajifunge shingoni, ndipo "sar" itaondoka kichwani. Sentensi yao inaanza "Gif mannes heafod ace". Kichwa cha mtu ndicho kinachouma, kama "kichwa kinaniuma". Kiungo ndicho kinachotenda.

#10 Komredi Ngalawa

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini lazima niseme. Kiswahili chenyewe kina maneno yanakufa. Vijana hawajui kupwita, hawajui kukereketa, na sisi tunapoteza muda na maneno ya Waingereza waliokufa miaka elfu iliyopita. Kuna faida gani?

#11 Mwl_Sarufi

Komredi, naomba nijibu mimi kabla ya mleta uzi. Nafundisha Kiswahili na Kiingereza shule moja ya kata. Kila mwaka nafundisha uundaji wa nomino, pika mpishi, na wanafunzi wanakariri kama orodha ya bei. Nikiwaambia lugha ya mbali kabisa nayo inafanya hivyo, kwa sababu ulimi wa binadamu ni ule ule, wataanza kutafuta mifano wenyewe. Mimi Jumatatu naanza na "bake" na "batch". Faida yangu ni hiyo.

#12 KalamuYaKorosho (mleta uzi)

Mwalimu umenisemea. Komredi, na mimi uchungu wako ninao. Hayo maneno uliyoyataja, kupwita na kukereketa, yamo kwenye uzi huu kwa sababu dada nesi aliyatumia au wewe umeyalilia, na mtu akitafuta mtandaoni miaka ijayo atayakuta. Fungua uzi wa maneno ya maumivu ya Kiswahili, nitakuwa wa kwanza kuchangia. Sitanii.

#13 Mchumi_Kibaha

Nirudi. Mbona hatujafika kwenye "pain" yenyewe? Hili ndilo neno kubwa, "ache" ni mdogo wake tu.

#14 KalamuYaKorosho (mleta uzi)

"Pain" ni mgeni, mkuu. Na safari yake imenipa raha kuliko zote, kwa sababu inaishia uwanjani kwetu.

Wagiriki walikuwa na "poine", fidia ya damu: umemuua ndugu yangu, unalipa. Warumi wakaichukua kuwa "poena", adhabu. Kifaransa kikaifanya "peine". Wanormani walipotawala Uingereza, mahakama ziliendeshwa kwa Kifaransa, na neno likaingia kwa mlango wa sheria. Mwanzoni "pain" ya Kiingereza ilikuwa adhabu, na maana hiyo bado ipo pale sheria zinaposema "on pain of death". Kutoka adhabu anayopewa mtu, maana ikahamia kwenye kile anachosikia akiadhibiwa, halafu kwenye chochote kinachouma, hata kama hakuna aliyekosa.

Waliosoma dini watatambua njia hii. "Adhabu" yetu imetoka kwenye Kiarabu "adhab", neno ambalo Kiarabu hulitumia kwa mateso na maumivu yenyewe. Sisi tumelivuta upande wa hukumu. Warumi na Wafaransa walianza na hukumu, Waingereza wakaishia kwenye maumivu. Njia moja, watu wanaipita wakitazamana.

Sasa ndugu wa "pain" kutoka "poena": "punish", "penal", "subpoena" ile hati ya kuitwa mahakamani, na "penalty". Kwa hiyo refa akipuliza filimbi na uwanja mzima ukapiga kelele "penalti!", watu wanalitaja neno la ukoo mmoja na "pain". "Ache" haimo kabisa kwenye ukoo huo.

Tena neno hilo la Kilatini lilishaingia Kiingereza mara moja kabla, pamoja na kanisa, kama kitenzi "pinian", kutesa. Limebaki kama "pine", kudhoofika kwa kumtamani mtu asiyekuwepo. Kwa Waholanzi neno hilohilo limeshika nafasi kuu: maumivu kwao ni "pijn".

#15 Mlokole wa Mbeya

Bwana asifiwe mleta uzi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Luka 2:9, wachungaji waliposhukiwa na malaika imeandikwa "they were sore afraid". Nilifikiri miaka yote waliogopa mpaka wakaumwa. Yetu inasema "wakaingiwa na hofu kuu". Ipi sahihi?

#16 KalamuYaKorosho (mleta uzi)

Amina. Tafsiri yetu iko sahihi kabisa. "Sore" hapo ni kielezi, na maana yake ni "sana". Maumivu makali yaligeuka kipimo cha ukali wa kitu chochote, ndipo "kuogopa kwa kuuma" ikawa "kuogopa sana". Kijerumani kimeenda mbali zaidi: "sehr", neno lao la kila siku la "sana", ni "sar" hiyohiyo, na mtu wa kawaida hasikii tena maumivu yoyote ndani yake. Kwa Waskoti "sair" bado inauma.

Na Wafini, ambao lugha yao si ya ukoo huu, waliazima neno hili zamani sana kutoka kwa majirani zao. Mgonjwa kwa Kifini ni "sairas".

#17 NesiWaZamu

Kaka, umenifungua macho. Nina moja la mwisho kabla sijaingia zamu. Kwenye hilo dodoso la McGill niliwahi kuona "smarting". Sisi "smart" ni mtu mwenye akili, au aliyevaa vizuri. Inakuwaje maumivu?

#18 KalamuYaKorosho (mleta uzi)

Maumivu ndiyo yalitangulia, dada. Kiingereza cha Kale kilikuwa na "smeortan", kuwasha kwa ukali, ile unayoisikia spiriti ikigusa kidonda au fimbo ikikatika mgongoni. Kijerumani kina "Schmerz", ambalo kwao ndilo neno la kawaida la maumivu yote. Kwa Waingereza pigo la "smart" lilikuwa pigo kali, kisha "smart" ikawa kasi na wepesi, kisha ulimi mkali unaojibu haraka, kisha akili kali, mwisho mtu nadhifu aliyejipanga. Vijana wetu wanaposema "jamaa yuko smati" wamelipokea likiwa limefika mwisho wa safari hiyo.

Kwenye dodoso lile "smarting" iko kikapu kimoja na "stinging", "itchy" na "tingling". Mgonjwa akikwambia kidonda kinawasha kama kimemwagiwa pilipili, andika hiyo. Zamu njema.